Macho Hayakukatazwa

Daktari wa macho hakuzungumza sana, na kila alichokisema Asteria alikichukia. Alisema ni presha ya macho. Alisema kilichokwisha kuharibika hakirudi. Apolonia, mama yake Asteria, alikuwa amebakiwa na tundu dogo tu la kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi, na tundu lenyewe lilikuwa linaziba. Dawa ya matone ingechelewesha mambo, isingeyazuia.

Walipotoka nje, Apolonia akasimama kwenye ngazi za hospitali, akageuza kichwa huku na huku akiutafuta uso wa binti yake mpaka akaupata.

"Kwa hiyo kama kuna ninachotaka kukiona, nikione sasa."

"Ndiyo, mama."

"Nataka kumwona Herman."

Asteria angeweza kusema "tutaona", kama wasemavyo watu wanaoona haya kusema hapana. Yeye akasema, "Sawa." Na kuanzia hapo akawa amejitwisha mzigo ambao kijiji kizima cha Kabuhinda kilikuwa kimekubaliana usibebwe na mtu.

Herman alikuwa kifungua mimba wa Apolonia, kaka yake Asteria, na askari wa wanyamapori katika geti la Igombelo. Hilo ni geti la nyuma kabisa la hifadhi, mahali ambapo hata mtalii aliyepotea hafiki. Kabuhinda nacho ni kijiji cha warina asali. Pori lote la kusini lilikuwa na mizinga ya baba zao na babu zao, mpaka lilipotangazwa kuwa hifadhi na wenye mizinga wakapewa muda wa kuitoa. Wengi waliitoa. Watatu wakajifanya viziwi, na aliyewakuta ndani ya pori baada ya muda kwisha alikuwa Herman, mtoto wa kijiji hichohicho, ndani ya magwanda. Angeweza kugeukia pembeni. Hakugeuka. Aliwakamata, akasimama mahakamani akaeleza alichokiona, nao wakala kifungo. Habari ya hukumu ilipofika Kabuhinda, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakakutana, wakamtenga.

Wa mbali anaweza kudhani kutengwa ni maneno tu. Na ajaribu. Aliyetengwa hasalimiwi na hasalimii. Hapewi moto wala chumvi. Haingii kwa mtu na hakuna anayeingia kwake. Akifiwa, hakuna wa kumshikia jembe. Na atakayemsemesha, hata neno moja, atalipa mtamba, kisha naye ataingia kwenye kifungo hichohicho. Kila mkuu wa kaya aliapa mbele ya mkutano, na kwa kuwa mumewe alikwisha kufa, Apolonia alikuwa mkuu wa kaya. Aliapa kwamba hatasema na Herman. Alikuwa mwanamke wa kanisa na wa kiapo, akisema kitu kimesemwa. Tangu siku ile watu waliacha kumwita Mama Herman, wakaanza kumwita Mama Asteria, naye hakuitika hata mara moja. Walidhani masikio yake nayo yanaharibika.

Miaka minne ikapita hivyo.

Asteria aliishi Nyarugusu, kwenye machimbo, akipikia wachimbaji katika kibanda kilichokuwa jirani na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kelele za pale humfanya mtu azungumze kama anagombana, na Asteria hakuhitaji kusaidiwa katika hilo. Kuna mwenye karasha mmoja, mbabe, aliyewahi kuhamisha jiko lake ili apate nafasi ya kumwaga mawe. Kesho yake jiko lilikuwa limerudi palepale. Akalihamisha tena, likarudi tena, na halikuchoka kurudi mpaka yule bwana akahamisha karasha. Asteria huyo ndiye aliyeambiwa na mama yake, nataka kumwona Herman.

Alianza kwa kumpigia simu Herman mwenyewe. Sungusungu wa Kabuhinda hawana masikio marefu kiasi cha kufika Nyarugusu, na Asteria alikuwa akizungumza na kaka yake kwa siri kila alipopata nafasi, yaani Jumapili, kwani geti la Igombelo halina mtandao na Herman alilazimika kupanda kilima.

"Mama anataka kukuona," alimwambia.

"Msije."

"Sijakuuliza kama tuje. Nakuambia tunakuja."

"Asteria, wewe ukinisalimia utarudi Nyarugusu, utakula, utalala. Mama yuko kijijini. Nani atamchotea maji? Siku akifa, nani atamchimbia kaburi? Mkija, sitoki."

"Utatoka."

"Sitoki, nakuapia."

Mtandao ukakatika, au Herman aliukata. Asteria alibaki akiitazama simu. Alimwelewa kaka yake na alitamani kumzaba kibao, yote mawili kwa pamoja. Macho ya mama yake hayakuwa na subira ya kungoja Herman na kijiji wamalize kuogopeshana.

Wiki iliyofuata akapiga ofisi ya hifadhi. Akapokewa na dada mwenye sauti ya upole.

"Ni wageni wangapi, mama?"

"Wawili, na dereva."

"Wa ndani au wa nje ya nchi?"

"Wa ndani, dada. Wa ndani kabisa. Lakini hatuingii."

"Hamuingii hifadhini?"

"Tunataka kufika getini, tusimame, tuangalie, turudi."

"Mama, kusimama getini hakuna kiingilio. Lakini pale hakuna cha kuangalia. Kuna chuma tu."

"Tutakiangalia hichohicho," alisema Asteria. Akamshukuru, akaulizia saa za kufunga geti. Likifungwa, aliambiwa, hakuna gari linaloruhusiwa kusimama hapo, wanyama hupita.

Sasa ikabaki Kabuhinda. Angeweza kumchukua mama yake kimyakimya na kusingizia hospitali. Wazo hilo lilimjia, na Apolonia mwenyewe ndiye aliyelitupa.

"Nikienda kwa wizi nitarudi kwa wizi," alisema. "Kawaulize. Mimi niliapa kwa mdomo. Sikuapa kwa macho."

Asteria akalichukua neno hilo akaenda nalo kwenye mkutano wa sungusungu, uliofanyika barazani mwa ghala la tumbaku. Mtemi wao alikuwa Otmar, mzee mwembamba, mwepesi wa kukasirika, asiyeachana na redio yake hata wakati wa kikao. Kulia kwake alikaa kamanda, Maganga. Ukamanda wa Maganga ulikuwa wa kazi kweli. Ng'ombe wakiibwa usiku, yeye ndiye aliyewapanga watu, akawahesabu, akajua nani kaja na nani kalala. Na Maganga alikuwa mmoja wa wale watatu waliofungwa.

"Shikamoo, mtemi. Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Sema."

"Naomba kumpeleka mama akaone geti la Igombelo."

Baraza likachangamka kwa namna mbaya. Otmar akapunguza redio.

"Geti lina nini?"

"Chuma, nimeambiwa."

"Usituchezee, binti. Unajua aliye pale."

"Najua. Kwa hiyo nimekuja kuuliza, sikwenda kimya. Mlikataza kumsemesha. Mlikataza kumsalimia, kula naye, kuingia kwake. Yote mama ameyashika miaka minne, nani hapa anaweza kusema hakuyashika?" Akawapitia kwa macho mmoja baada ya mwingine. "Mama anapofuka. Anataka kumwangalia mtoto wake kabla giza halijafunga. Atasimama upande huu, yeye atasimama upande ule. Hakuna neno litakalotoka. Macho hayakukatazwa."

Walibishana mpaka jua likainama. Mmoja alisema kuangalia ni nusu ya kusalimia. Mwingine akamuuliza kama yeye akimwangalia ng'ombe wa jirani anakuwa ameshakunywa nusu ya maziwa, watu wakacheka, na kicheko hicho kikasaidia kuliko hoja yoyote ya Asteria. Maganga peke yake hakucheka. Mwishowe Otmar akapiga fimbo chini.

"Waende. Na Maganga aende nao awe shahidi. Neno likitoka, mtamba utatoka."

Maganga akasema tu, "Nitakwenda," kwa sauti ya mtu anayetumwa kuchota maji ya moto.

Kuhusu njia, kila aliyeulizwa aliijua na kila mmoja aliijua kivyake. Muuza asali wa baiskeli alisema geti liko hapo tu, ukivuka mto. Fundi wa pampu alisema mto hauvukwi na gari. Dereva wa lori la mkaa alisema mto upi? Asteria alipochoka kusikiliza, akapanda pikipiki, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mto. Akakuta daraja la magogo, akashuka, akaliruka-ruka kwa miguu yote miwili huku mwendesha pikipiki akimtazama kwa huruma. Magogo yakatulia. Ardhi ya mbuga, ile nyeusi inayokamata magari msimu wa mvua, ilikuwa imekauka na kupasuka. Akarudi ameridhika, mavumbi mpaka kwenye kope.

Siku ilichaguliwa isiyo ya mnada wala ya misa. Gari lilikuwa Probox ya Chacha, dereva mtu wa Tarime aliyezoea kubeba wachimbaji na viroba vyao, aliyekubali safari bila kuuliza maswali na kuanza kuyauliza mara tu walipoondoka.

"Kwa hiyo tunakwenda kumwona mtu, lakini hatusemi naye."

"Ndiyo," alisema Asteria.

"Na yeye hasemi."

"Ndiyo."

"Kwetu watu wakigombana hugombana kwa sauti," alisema Chacha. "Hii ya kwenu inachosha."

Maganga, aliyekaa mbele, alitazama nje. Lakini Apolonia alikuwa amefungasha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na alikuwa akimpitishia Maganga mojamoja juu ya bega, na Maganga akila. Alikuwa amemfahamu mama huyu tangu utotoni. Walipovuka daraja, na gari likatikisika hata kiti cha plastiki kilichofungwa juu ya paa kikagonga bati, akageuka nyuma kwa ghafla.

"Umeumia, Mama Herman?"

Jina likamponyoka hivihivi. Akarudisha uso mbele, na shingo yake ikabaki imekakamaa kwa muda mrefu. Apolonia akampa tobolwa jingine.

Geti la Igombelo lilikuwa kama yule dada alivyosema. Chuma kirefu kilichopakwa rangi, kimelala juu ya mapipa mawili. Kibanda cha askari. Bango lenye nyati. Nyuma yake, nyumba mbili za mabati, kisha pori. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mashamba ya watu, mabua yamesimama bila mahindi. Askari kijana akatoka kibandani akiwa na tabasamu la mtu ambaye hajaona mgeni tangu mwezi uliopita. Jina lake Adam, kwa mujibu wa kibandiko kifuani.

"Karibuni sana! Shikamoo, mama. Mmeshalipia? Mna kontrol namba?"

"Hatuingii," alisema Asteria. "Tumekuja kumwona Herman. Mwambie mama yake amefika. Mwambie asiseme kitu, atoke tu asimame hapo."

Adam alishangaa, ila alikuwa na adabu ya kutosha kutoonyesha sana. Akaenda kwenye nyumba za mabati. Chacha akashusha kiti, wakamkalisha Apolonia hatua chache kutoka kwenye chuma. Akanyoosha gauni, akafunga kilemba upya, akaweka mikono mapajani, akaelekeza macho yake kule mbele, tayari.

Adam akarudi.

"Anasema anaumwa."

"Mwambie tumeona wagonjwa wengine, hatuogopi. Atoke."

Akaenda. Akarudi.

"Anasema hayupo."

"Amesema mwenyewe kwamba hayupo?"

"Ndiyo, dada."

Asteria akahisi damu inampanda mpaka kichwani. Mwezi mzima wa kubishana, kuomba, kuruka juu ya magogo, na sasa kila kitu kilikuwa kimekwama kwenye ukaidi wa mtu mmoja aliyejificha nyuma ya bati akidhani anamlinda mama yake. Akainama apite chini ya chuma. Adam akamzuia kwa mikono miwili, akimsihi: bila kibali hawezi kumruhusu, atafukuzwa kazi. Asteria akamwambia afukuzwe basi. Kisha akaona uso wa yule kijana, akarudi nyuma, akapiga kelele kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye zile nyumba.

"Wewe bati! Mwambie atoke! Mama amekaa juani!"

Bati likanyamaza. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na Adam alikuwa amelitazama mara mbili. Maganga alikaa juu ya jiwe kando ya barabara. Asteria alimtafuta usoni dalili ya kufurahi. Hakuiona, na hilo nalo likamkasirisha.

Hapo Apolonia akasimama. Akalegeza kanga aliyojitanda, akaifunga kiunoni kwa fundo la kazi. Akajaza kifua hewa, akaweka viganja pembeni mwa mdomo, akapiga mwano.

Mwano si kelele tu. Katika nchi ile mwano ni sheria iliyopewa sauti. Ni mlio mmoja mrefu unaopanda na kukatika, na mtu akiusikia huacha alichoshika. Anayekula huacha sahani, anayeoga hutoka na povu, waliogombana hukimbia bega kwa bega, kwa sababu kuna aliyevamiwa au kuibiwa, na aliyesikia asiende huhesabiwa pamoja na mwizi. Watoto huujua kabla hawajajua kuhesabu. Miguu huanza kukimbia kwanza, akili hufuata baadaye.

Apolonia alipiga mara ya pili. Kifua kilikuwa cha mwanamke mzee lakini mlio ulikuwa mzima. Kutoka kwenye mashamba ng'ambo ya barabara mtu akaupokea, na mbele yake mwingine akaupokea kwa huyo, ukaenda mbali. Chacha, asiyejua kinachoendelea, akaingia ndani ya gari akafunga kioo.

Na mlango wa nyumba ya bati ukafunguka kwa kishindo. Herman akatoka mbio, buti mguu mmoja, mguu mwingine mtupu, rungu mkononi. Alipita mbele ya Adam kama hamwoni, akapinda mgongo akapenya chini ya chuma, akafika barabarani. Na kama afanyavyo kila mtu anayeitikia mwano, akakimbilia alipo kamanda.

Maganga alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshanyoosha mkono wa kuhesabia watu.

"Wa kwanza!" akaita. "Umetokea upande gani? Umeona nyayo?"

"Kusini," Herman akajibu, akihema. "Sijaona nyayo."

Kisha wakatambuana.

Mkono wa Maganga ukabaki hewani. Asteria aliweza kuona jinsi alichokifanya kilivyokuwa kinamwingia polepole. Yeye, kamanda, shahidi aliyetumwa kulinda neno lisitoke, ndiye aliyelitoa. Ndani ya gari Chacha akaanza kucheka peke yake.

"Kamanda," alisema Asteria, "umemsemesha."

Lakini wakulima walikuwa wameshafika, wanaume na wanawake, wenye fimbo na majembe, wengine vifua wazi, wamejaa jasho na hasira njema ya watu waliokuja kusaidia. Aliyetangulia, mzee mwenye kifua kipana, akauliza nani kapiga.

"Mimi," alisema Apolonia.

"Ng'ombe?"

"Hapana."

"Umeibiwa nini, mayu? Mwano hauchezewi. Ukiupiga bila wizi utalipa, hata uwe mama yangu."

"Nimeibiwa mtoto."

Minong'ono ikapita. Wengine walishaanza kutazama porini.

"Leo? Ameelekea wapi?"

"Miaka minne iliyopita."

"Miaka minne!" Mzee akashusha fimbo. "Na hukupiga mwano siku ileile?"

"Siku ileile," alisema Apolonia, "waliopaswa kuitikia ndio walioiba."

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Wakulima hawakujua habari za Kabuhinda, ila walijua kumtazama mtu anayetazamwa na wengine, na macho yote yakaishia kwa Maganga. Asteria alitaka kusema. Alikuwa na maneno tayari, ya miaka minne, makali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliyameza, kwa kuwa aliona mtu yule anapigana na kitu kikubwa kuliko yeye.

Maganga akamgeukia Herman. Walikuwa karibu kiasi cha kuguswa.

"Ulinikamata," alisema.

"Nilikukamata."

"Ungeweza kugeukia pembeni."

"Ningeweza."

"Ungegeuka leo?"

Herman akamtazama. "Hapana," alisema.

Maganga akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei akijua itakuwa ileile. Akapangusa uso kwa kiganja. Ulipoonekana tena ulikuwa uso wa kazi, ule wa usiku wa ng'ombe walioibwa. Sungusungu wakikamata mali, hawampi mtu kwa sababu analia. Mwenye mali hugeuzwa mgongo, hutaja alama bila kuangalia, na alama zikilingana hukabidhiwa mbele ya watu, na shauri huisha hapohapo.

"Mama," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "geuka. Taja alama."

Apolonia akageuka, akawapa mgongo, akayatazama mabua makavu asiyoyaona.

"Nyuma ya sikio la kushoto ana kovu refu. Aliangukiwa na mzinga alipokuwa akimsaidia baba yake. Na kidole kidogo cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake, alizaliwa nacho."

Watu wote wakainamisha macho kwenye mguu mtupu wa Herman, uliojaa vumbi. Kidole kilikuwa kimepanda. Mwanamke mmoja akasema "Yesu!" kwa sauti ndogo. Maganga akasogea, akashika sikio la mtu aliyemfunga jela, akalikunja mbele, akaangalia. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko kovu lilivyohitaji.

"Lipo," alisema. Akaachia sikio. "Mali imetambuliwa. Ni ya mama huyu. Aichukue, na asisumbuliwe."

"Na Otmar?" aliuliza Asteria.

"Otmar nitamjibu mimi. Aliyesema wa kwanza ni mimi, mtamba ni wangu. Nitamswaga mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Akitaka kunitenga, anitafutie kwanza kamanda mwingine."

Mzee wa mashamba akasema hilo ni shauri lililokatwa sawasawa, na kwamba tangu azaliwe hajaona mali iliyopatikana upesi hivyo baada ya kuchelewa hivyo. Watu wakaanza kucheka, wa kwanza Adam, aliyekuwa ameshikilia chuma cha geti kwa mikono miwili bila kujua. Asteria alijikuta amekaa chini barabarani. Alikuwa amepanga safari hii yote, njia, daraja, siku, kiti, hata matobolwa, na kilichomrudishia kaka yake hakikuwemo katika mipango yake hata kidogo. Alilia waziwazi na hakujali nani anamwona.

Apolonia alikuwa bado amewapa mgongo. Hakuna aliyemwambia ageuke, na alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

"Shikamoo, mama," alisema Herman.

Aligeuka polepole. Akaenda akiifuata sauti, mikono mbele, mpaka ikagota kwenye magwanda. Akamvuta kola ainame. Kisha akakikamata kichwa chake kwa viganja viwili na kuanza kukisogeza mbele ya lile tundu dogo alilobakiwa nalo, kidogokidogo, kwa kuwa uso mzima haukuweza kuingia. Paji la uso kwanza. Akakaa hapo. Akashuka kwenye nyusi, zilizokuwa zimeanza mvi, akaguna. Jicho moja. Jicho la pili. Herman akaanza kulia, mabega yakimtikisika, na kichwa kikaponyoka kidogo mikononi mwa mama yake.

"Tulia," alisema Apolonia, akikirudisha mahali pake. "Unanipoteza. Sijafika mdomoni."